Kero si dhiki

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, Kibokoni, Mombasa, alinijia na barua aliyotaka kuipeleka kwa wakubwa. Mifereji ya bomba ilikuwa imekauka siku ya tisa, nasi twanunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi wa lita 20. Juu kabisa ameandika: "Kero ya maji." Nikamwambia, mwanangu, hilo neno lifute.

"Lakini shangazi, magazeti yote yaandika kero."

Ni kweli. Na wenzetu wa Tanzania wamelitanua zaidi: kiongozi akizuru mkoa husikiliza kero za wananchi, na mambo yanayobishaniwa tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane 1964 huitwa kero za Muungano. Neno limekua, na siwezi kulirudisha utotoni. Ila mimi nililelewa na nyanya aliyekuwa na kipimo chake, na kipimo hicho nakipenda.

Kwa nyanya, kero ilikuwa ndogo. Chembe ya mchanga ndani ya mchicha: waitafuna mara moja, na sahani nzima waila kwa woga. Mfereji unaodondoka usiku. Kuku wa jirani anayepanda barazani ukimaliza tu kufagia. Mimi nilikuwa na tabia ya kuburuta ndara, na sakafu yetu ilikuwa ya saruji. "Weye mtoto wanikera!" Alilisema hivyo pengine mara tano kwa siku, kisha akaniita nije nile. Hakukuwa na chuki hata punje. Nikisikia mtu asema koo lamkereketa kwa moshi wa makaa, naisikia sauti ile ile: si ugonjwa, lakini hutulii.

Karaha alilitumia kwa nadra. Karaha ni tumbo kugeuka, kama jaa lililoachwa juani, na chuoni, tulikosoma Kurani, tulilijua kupitia ndugu yake, makuruhu, yaani jambo lisilopendeza katika dini. Bughudha nayo ina nia ndani yake. Makanga akinivuta mkono pale Mwembe Tayari niingie matatu yake, huyo hanikeri, anibughudhi, kwa sababu amenikusudia. Mfereji haukukusudii.

Halafu kuna udhia, na hapa ndipo ninapoona wahenga walivyopima maneno. Walisema penye udhia penyeza rupia. Rupia yenyewe iliondoka kwenye mzunguko wetu mwanzoni mwa miaka ya 1920, methali ikabaki. Lakini jaribu kuweka kero mahali pa udhia, uone kama yaenda. Udhia una mtu wa kupewa kitu ili njia ifunguke. Chembe ya mchanga utaipenyezea nini?

Ndiyo maana barua ile iliniuma. Siku tisa bila maji si mchanga kwenye mchicha. Mzee wa nyumba ya pili hukusanya maji ya udhu kwenye kopo akamwagie choo. Mtoto amekwenda shule na sare ya jana na juzi. Ukiyaita hayo kero, anayeisoma barua kwenye kiti chake atafikiri twalalamikia kelele za honi, ataiweka chini ya nyingine. Nyanya angesema dhiki, na angelisema polepole, kwa sababu dhiki hubana kifua hata kulitamka.

Kijana alibisha kidogo, akasema dhiki ni neno la wazee. Nikamuuliza mamake hununua mitungi mingapi. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Minne, na siku ya kufua sita.

Akachukua kalamu, akakata "kero", akaandika "dhiki" juu yake. Halafu tukatoka barazani, tukapita nyumba hadi nyumba kuuliza mitungi, na kila hesabu ikaingia kwenye barua.