Vijana Wanaoondoka Kanisani Bila Kuaga

Kijana aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo kwa kawaida haachi kanisa kwa siku moja. Hukosa ibada Jumapili hii kwa sababu ya kazi au mitihani, akakosa ijayo kwa uchovu, na hatimaye kutokwenda kukawa ndiyo mazoea yake, pasipo kugombana na mchungaji wala kutangaza kwamba haamini tena.

Utafiti wa taasisi ya Lifeway Research ya Marekani, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba asilimia 66 ya waliokuwa wakihudhuria makanisa ya Kiprotestanti mara kwa mara walipokuwa vijana wadogo waliacha kwa muda usiopungua mwaka mmoja kati ya umri wa miaka 18 na 22. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kuhamia chuoni, na iliyoifuata kwa karibu ni kuwaona waumini kuwa wanafiki au wepesi wa kuhukumu. Wazee wengi huishikilia ile ya kwanza, kwa kuwa haimlaumu mtu yeyote. Lakini anayehama hukitafuta upya huko aendako kila anachokithamini, na asipolitafuta kanisa, basi alikuwa ameshaondoka kabla hajafunga mizigo.

Niliwahi kusaidia katika darasa la kipaimara ambamo binti mmoja aliuliza ni kwa nini, katika 1 Samweli 15, hata watoto wachanga wa Waamaleki waliamriwa kuuawa. Mwalimu alimjibu kwamba maswali ya namna hiyo humpa shetani nafasi, kisha akarejea kwenye kuzikariri Amri Kumi. Binti yule hakubisha. Alizikariri zote, akapata kipaimara, akapigwa picha pamoja na askofu, na darasa zima likawa limeelewa ni maswali gani yasiyoulizwa pale. Ajabu ni kwamba Injili ya Yohana, katika sura ya 20, inasimulia jinsi Tomaso alivyokataa katakata kuamini ufufuo, na siku nane baadaye bado alikuwa ndani pamoja na wenzake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba walimfukuza, wala kwamba walimwambia anyamaze.

Jambo lingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba tunawatenga vijana na watu wazima mapema mno. Mtoto hutoka shule ya Jumapili akaingia katika ibada ya vijana, na anapofikisha umri wa kukaa na watu wazima hana hata mmoja anayemfahamu zaidi ya wazazi wake, hivyo asipoonekana hakuna wa kumuulizia. Wazee wanapolalamika mbele yangu juu ya simu na muziki wa kidunia, huwaomba wanitajie kijana mmoja, asiye mwana wao, ambaye wanajua anasomea nini na anahangaishwa na nini. Wengi hulitaja jina moja tu, na karibu kila mara ni la yule anayepiga kinanda.