Nilivyoitwa Bata Ndani ya Treni ya Derby

Siku ile darasani nilisimamishwa mbele ya wenzangu kwa sababu ya kikombe. Nilikuwa nimesoma neno "cup" kama lilivyoandikwa, kwa u, mwalimu akaniambia nirudie mpaka nitamke a. Nilirudia mara tisa. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba nusu ya Uingereza inatamka kikombe hicho kwa u, tena kwamba u ndiyo iliyotangulia, na ile a ya kusini ilijitenga nayo katika karne ya 17. Tangu hapo nikawa na deni na nchi ile. Nilitaka kwenda kulisikia kosa langu likisemwa na wenyewe.

Basi nikapanda treni Paddington, London, nikiwa na begi moja na daftari. Kwenda makasri sikukutaka. Nilijipa neno moja la kuwinda, "bus". Sisi tumelipokea kwa irabu ya kusini, ndiyo maana tunasema basi, kama tunavyosema klabu. Sikio la kwanza lililolichukua lilimsikia mtu wa upande ule.

London nilikaa siku mbili tu, na hata hizo zilitosha kuniondolea heshima niliyokuwa nayo kwa "Kiingereza cha London". Vijana niliowasikia kwenye treni za chini ya ardhi wanaimeza t ya "water", koo linafunga pale katikati na neno linaendelea bila hiyo t. Tatu yao, "three", inatoka "free". Nikawakumbuka wenzetu wanaosema selasini badala ya thelathini. Th kumbe inawasumbua hata wenye nayo, ila hawa wamekimbilia f.

Bristol nikakutana na r. Mwendo ni kama saa moja na dakika arobaini tu, lakini ukishuka kituo cha Temple Meads unasikia ulimi unavyokunjwa mwishoni mwa "car" na "farm", mahali ambapo mtu wa London anavuta a na kuishia hapo. Zamani Uingereza yote ilikuwa na r hiyo. Ilianza kuangushwa kusini mashariki, na kufikia karne ya 19 kuiangusha kukawa ndiyo ustaarabu, kisha waliobaki nayo wakageuka washamba. Uamuzi wa nani huo, sijui niuite nini. Mama aliyeniuzia kahawa karibu na bandari aliniita "my lover", mpenzi wangu, nikakaribia kumwagikiwa na kikombe, kisha nikamsikia akimwita hivyo hivyo mzee aliyekuwa nyuma yangu.

Mji huo una kioja kingine. Wazee wake huongeza l mwishoni mwa maneno yanayoishia na a, hata "idea" ikawa "ideal". Na jina la mji wenyewe lilipitia huko huko: mwanzo lilikuwa Brycgstow, mahali pa daraja, halina l. Mji umejiandika kwa lafudhi yake, na ramani zote za dunia zimekubali.

Nilimuuliza yule mama kama watu huwacheka. Akacheka yeye kwanza. Akasema akienda mbali na kwao anaombwa aseme maneno ya maharamia. Hilo nalo lina chanzo: Robert Newton, mwigizaji mzaliwa wa Dorset, alipomwigiza haramia Long John Silver mwaka 1950 alitumia na kukuza lafudhi ya magharibi, na tangu hapo kila haramia wa maigizo ana r ya Bristol.

Birmingham ndiko nilikokaa zaidi, na ndiko safari iliponishika. Hapo neno langu lilitokea siku ya kwanza, kituoni, mdomoni mwa binti aliyekuwa akimkimbiza mdogo wake: "the bus!" U safi kabisa. Nilisimama kama niliyeokota pesa.

Lakini lafudhi ya mji huu ina mzigo. Mwanasaikolojia Howard Giles alipowataka watu wazipime lafudhi za Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, ya Birmingham ilikuwa karibu na mkiani. Mwaka 2007 Nikolas Coupland na Hywel Bishop wakachapisha majibu ya watu zaidi ya 5,000 waliopewa orodha ya lafudhi 34. Safari hii Birmingham ikashika mkia kabisa. Cha ajabu, katika upimaji huo wa pili watu hawakusikilizishwa sauti yoyote. Walisoma majina tu. Yaani walihukumu mji, moshi wa viwanda vyake na watu wake, halafu wakaiita hukumu hiyo sauti.

Nilipopanga chumba, jirani yangu wa ukutani alikuwa kijana mhasibu, mwenyeji wa hapo hapo. Jioni tulikaa jikoni. Alikuwa ananisimulia habari za mpira, sauti ikipanda na kushuka, kila sentensi ikitua chini mwishoni kama mtu anayeweka mfuko sakafuni. Simu ikalia. Akainuka, akajikohoza kidogo, akasema "Good evening", na mtu mwingine akatoka kinywani mwake. Irabu zote zilinyooka. Alipokata simu akaniona nimeacha kula.

"Ya kazini hiyo," akasema, akirudi kwenye sauti yake.

Nikamwambia mimi hii ya jikoni sioni ubaya wake, naipenda kuliko ile. Akanitazama kwa huruma. "Kwa sababu wewe hujui unatakiwa uichukie."

Nimeyabeba maneno hayo hadi leo. Mwanaisimu Peter Trudgill na yule Giles walishawahi kutoa hoja ya namna hiyo kitaalamu, kwamba msikilizaji asiyeijua jamii ya msemaji hausikii huo ubaya unaosemwa. Kijana alilieleza hilo akiwa na uma mkononi.

Nilichepuka Liverpool kwa siku moja. Kule k ya mwishoni inalegea na kukwaruza, "back" inakuwa "bakh", na ulimi wangu ukaitambua mara moja: ni kh ya kheri na khofu, ile ambayo wengi wetu tumeilainisha kuwa heri na hofu. Waingereza wengine wanaiona sauti ya kihuni. Mimi iliniingia kama ya mwalimu wa madrasa.

Kutoka Birmingham tena, treni ya kaskazini inapita Derby, Sheffield, Leeds na York. Derby aliingia bibi mwenye mikoba mitatu. Nikampandishia mmoja kwenye shubaka la juu. "Ta, duck," akasema. Asante, bata! Nikatabasamu kwa adabu huku nikijitazama miguu. Ni kijana wa kiti cha mbele aliyenieleza kwamba kule ni neno la upendo, wala halimwachi mwanamume.

Yorkshire treni haikusimama muda wa kutosha, lakini nilikuwa na mtu wa kumfikiria. Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax, alisoma taarifa ya habari ya BBC kwa nchi nzima mwaka 1941, wakati wa vita, kwa lafudhi ya kwao. Wasikilizaji walikuwa wamezoea sauti moja tu, ya shule za wenye nazo. Pickles akawaaga kwa "good neet" badala ya "good night", na wapo waliolalamika kwamba habari kwa sauti ile haiaminiki. Mabomu ni yale yale, miji ni ile ile. Na Leeds, tulipopita, ndiko Harold Orton alikoendeshea uchunguzi mkubwa wa lahaja kati ya 1950 na 1961, katika maeneo 313, watafiti wakiwauliza wazee wa vijijini majina ya vitu kabla hawajaondoka nayo. Jambo hilo hilo moja wanalocheka, kumbe na kulihifadhi wanalihifadhi.

Newcastle walinisahihisha jina kabla sijashuka. Mimi nilikaza mwanzo. Kondakta alikaza katikati, a fupi, "NyuKASol". Lafudhi yao hupendwa. Watu huiita changamfu. Ila katika vipimo kama vile vya Coupland na Bishop, kupendeza huwekwa safu moja na hadhi safu nyingine, na mji unaweza kupewa ya kwanza ukanyimwa ya pili.

Asubuhi ya mwisho nilikwenda kituoni kutafuta usafiri wa Hexham. Nyuma ya kioo alikaa mwanamume wa makamo akiandika. Nikavuta pumzi, nikauliza habari za "bus" kwa u, ile ile niliyosimamishiwa darasani.

Hakuinua kichwa. "Kituo cha tatu, pet," akasema, kipenzi kwa lugha ya huko, akaendelea kuandika.