Jinsi nilivyopata pointi kamili za kadi ya meli ya kitalii

Mama yangu mdogo, mkazi wa Houston, alikuja likizo Moshi akiwa na kadi ya mkopo yenye nembo ya kampuni ya meli za kitalii, ambayo humpa pointi mbili za zawadi kwa kila dola anayoilipa kampuni hiyo na moja kwa manunuzi mengine. Salio la safari yake ya kutoka bandari ya Galveston alikuwa amelilipa kupitia wakala wa safari, lakini pointi ziliingia nusu tu.

Tulikaa barazani kwetu Pasua tukapitia taarifa ya kadi mstari kwa mstari, na kisa kikajulikana: mpokeaji wa fedha aliandikwa wakala, ilhali benki hutoa pointi kwa kumtazama mpokeaji, haijali kilichonunuliwa. Nilimwandikia wakala arejeshe malipo hayo, kisha kampuni ya meli yenyewe ikate fedha hizo kwenye kadi, naye akakubali, ingawa mawakala wengi hawapendi usumbufu wa namna hii. Urejeshaji ulifuta pointi za awali, kama ilivyo kawaida, na malipo mapya yakaleta pointi maradufu, ambazo mama mdogo alizigeuza kuwa fedha za matumizi melini.