Kiuno cha suruali na kiuno cha mtu

Daftari langu la vipimo lina majina ya wateja tangu 2009, nilipofungua kibanda changu cha ushonaji Ngamiani, hapa Tanga. Kila mtu ana ukurasa wake: mabega, kifua, kiuno, hipsi, paja, urefu. Kaka yangu anayenifuata yumo. Kiuno chake mwaka 2012 kilikuwa inchi 34. Mwaka 2016, 34. Mwaka 2021, bado 34. Ni dereva wa lori, miguu myembamba, mashavu hana. Ukimwona kwa nyuma utamwita kijana.

Kilichohama ni mkanda. Zamani alivalia suruali kitovuni, baadaye chini ya kitovu, mwishowe ukashuka hadi kwenye mifupa ya nyonga, tumbo likalala juu yake. Fundi hupima pale mteja anapovalia. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nazungusha tepu kwenye mfupa, na mfupa haunenepi.

Mwaka 2022 akaanza kuamka usiku kukojoa, mara tatu, mara nne. Wifi yangu ndiye aliyenijia na habari, akaniambia na sisimizi wanajaa chooni. Safarini alikuwa anamaliza chupa kubwa ya maji kabla ya kufika Segera. Tukamsihi aende hospitali. Mahali alipoanzia walimpandisha kwenye mizani, kilo 71, wakampima urefu, sentimita 170, wakapiga hesabu, ikaja 24.6. Wakamwambia uzito wake uko sawa, wakampa dawa ya U.T.I. Hawakumtoa hata tone la damu. Miezi minne ikapotea hivyo, na hadi leo inaniuma. Alipokuja kuchomwa kidole kwingine, asubuhi, hajatia kitu tumboni, sukari ilisoma milimoli 11.8 kwa lita. Kwa mtu aliyelala bila kula, kuanzia 7 kwenda juu ni kisukari. Walirudia siku ya pili kuhakikisha, majibu yakawa yale yale.

Hesabu ile ya 24.6 haikukosewa. Kilo zako unazigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 huhesabiwa kuwa kawaida. Chanzo chake ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akichunguza watu kwa maelfu. Inajua una kilo ngapi. Haijui zimekaa wapi. Binti yangu anasomea uuguzi, na jioni moja alinionyesha kwenye simu picha iliyotoka mwaka 2004 katika jarida la madaktari, Lancet. Wanaume wawili, madaktari wenyewe, Yajnik wa India na Yudkin wa Uingereza, wamesimama pamoja. Hesabu ya uzito na urefu wote wawili ni 22.3. Mafuta mwilini, mmoja asilimia 9.1, mwenzake asilimia 21.2. Niliitazama picha ile muda mrefu. Ningewapima mimi ningewaandikia nini?

Alivyonieleza ni kwamba mafuta ya kwenye mapaja na makalio hukaa chini ya ngozi, na hayana shari kubwa. Yale yanayozunguka utumbo na kuingia kwenye ini ndiyo yanayosumbua. Yanamwaga asidi zake kwenye ini, mwili unaanza kuwa mzito kuisikia insulini, kichocheo kinachoitoa sukari kwenye damu, kongosho nalo linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi, mpaka linashindwa. Hapo sukari inabaki kwenye damu.

Basi nikamwita kaka, nikachukua tepu ile ile ya kazi. Safari hii nilipapasa ubavu wa mwisho wa chini, nikapapasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, nikapitisha tepu katikati ya hapo, shati limepandishwa. Wanaume wakiona tepu hujikaza, hata aliye mgonjwa. Nikamwambia, "Toa pumzi kawaida, baba, usilivute tumbo." Sentimita 95. Zile inchi 34 za suruali ni kama 86. Sentimita tisa zilikuwa hazimo kwenye daftari langu.

Kwa mwanaume, Shirika la Afya Duniani linaweka alama ya kwanza ya hatari 94 na ya pili 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Kwa wenye asili ya Kihindi, ambao hapa Tanga ninao wateja wengi, mwanaume huanza kuangaliwa kwenye 90, maana wao kisukari huwapata wakiwa bado wembamba. Sisi Waafrika tumewekewa namba za Wazungu, na hilo sijaridhika nalo; tunastahili kupimwa kwa vipimo vyetu. Ipo njia nyingine ninayoipenda, hata bibi asiyejua kusoma anaiweza. Chukua kamba ya urefu wako, ikunje mara mbili. Isipokutosha kuzunguka tumbo, nenda kapime sukari. Nusu ya urefu wa kaka ni 85.

Nami nikajipima. Hipsi 112, tumbo 84, urefu 162. Kwa mtaa wetu huu mimi ni mwanamke wa umbo zuri, na ukigawa tumbo kwa hipsi unapata 0.75, chini ya 0.85 inayotajwa kwa wanawake. Lakini kamba haikufika. Nilikwenda kupima, ikasoma 5.4. Naenda kila mwaka.

Siku hizi chini ya "kiuno" nimeongeza mstari wa "tumbo". Mteja simlazimishi. Namwomba faragha, nyuma ya pazia, na wengi wanakubali. Mmoja mwaka jana alikuwa na 107. Nikamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi aende nayo.

Kaka anameza dawa, ugali ameupunguza, na lori likiegeshwa anatembea. Kabla ya Idd alikuja kushonewa suruali. Nilipitisha tepu juu, 90. Nikaishusha pale anapovalia mkanda: 34.