Gramu, tola na aunsi: hesabu za dhahabu

Bei ya dhahabu inayotajwa kwenye habari ni ya aunsi moja, kwa dola. Sonara anapima kwa gramu. Dubai bado utakuta vipande vya tola kumi (tola ni kipimo cha zamani cha India), na mchimbaji mdogo wa Geita anahesabu pointi: pointi kumi ni gramu moja.

Aunsi ya dhahabu ni ya troy, gramu 31.1035. Ile ya unga na siagi ni gramu 28.35, na hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Tuseme bei ni dola 4,000 kwa aunsi. Gawa kwa 31.1035, unapata dola 128.60 kwa gramu. Ukigawa kwa 28.35 inakuja 141.09, kisha unagombana na sonara kwamba kakupunja dola 12 kila gramu, kumbe ni hesabu yako iliyozidi kwa karibu asilimia 10.

Na 128.60 ni ya karati 24, yaani dhahabu safi. Kwa bangili ya karati 22, zidisha kwa 22 ugawe kwa 24: dola 117.89. Karati 21 zidisha kwa 0.875, karati 18 kwa 0.75. Ufundi na faida ya duka havimo humo.

Tola ni gramu 11.6638, ila namba hiyo huna haja ya kuikariri: tola 8 ni aunsi 3 kamili. Kidani cha tola 2.5, zidisha kwa 3, gawa kwa 8, ni aunsi 0.9375. Kikiwa cha karati 22, dhahabu safi iliyomo ni aunsi 0.859. Uliza kwanza tola gani, maana kwa baadhi ya wauzaji wa India tola ni gramu 10 tu.

Mizani ndogo za betri zina mitego yake. Alama "oz" ni aunsi ya jikoni. Ya troy ni "ozt". "tl" kwa kawaida si tola, ni tael, kipimo cha uzito cha Hong Kong, gramu 37.43, zaidi ya tola tatu! "ct" ni karati ya vito, gramu 0.2, haihusiani na usafi wa dhahabu.

Mimi ningesema vitufe hivyo uviache. Pima kwa gramu, badilisha kwa kikokotoo, na ukate desimali kwenye jibu la mwisho tu. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 ikionyesha aunsi kwa desimali tatu, kila hatua ni gramu 0.031, yaani usahihi umepungua mara tatu. Kabla ya kupima, iweke mahali tambarare pasipo na feni, isome sifuri, kisha weka jiwe la gramu 100. Ikisoma 99.7, badilisha betri na uirekebishe kwanza. Kwa bei ile ya dola 4,000 kwa aunsi, gramu 0.3 ni karibu dola 39.