Meseji ya saa saba usiku

Nilikuwa na bendi kipindi hicho, tuko watano na mtunza hela mmoja, na huyo mtunza hela ndo niliyemuimba. Hela ya shoo ilipelea, tukakaa kikao, kila mtu anaangalia miguu yake, mi nikarudi kwangu na hasira zangu nikaandika vesi ya tatu. Jina sikuweka, nikajiona mjanja kweli. Nikaweka tu kofia ya kufunika jicho, kulamba kidole wakati wa kuhesabu, na "akishika kumi, zinafika tano". Prodyuza alicheka mpaka akasimamisha biti, akaniuliza "huyu si jamaa yenu yule?" Hapo ndo nilitakiwa nishtuke, mi nikaona sifa.

Wimbo ukatoka ukapendwa. Haikupita muda mashabiki wakimuona wanalamba vidole, na kule alikokuwa anafanya kazi mchana wakamtoa kwenye mambo ya fedha, "kwa muda" wakamwambia. Bendi akaacha mwenyewe, hakugombana na mtu.

Miezi miwili mbele natafuta nyuzi za gita kwenye kamfuko ka begi, inatoka karatasi imekunjwa mara nne. Risiti ya studio, malipo ya awali, kiasi kilekile kilichopelea, na nyuma kwa mwandiko wake, tunza hii. Alinipa mwenyewe usiku wa shoo, mi nikakunja nikasahau. Nilikaa chini sakafuni na nyuzi mkononi, siwezi hata kueleza.

Saa saba usiku nikamtumia meseji: "Kaka nisamehe, ile vesi nilikuimba wewe, hela hukula, risiti nilikuwa nayo mimi muda wote." Ikaonyesha imesomwa, jibu hakuna. Kilichokuja ni barua ya wakili wake, anataka fidia kwa kumchafulia jina mteja wake, na skrinishoti ya meseji yangu imebanwa kwa nyuma.

Wakili niliyempata mimi ni mama mmoja mpole, aliisoma hiyo skrinishoti akachukua kalamu akapiga mistari mitatu. "Hapa umekiri ni yeye. Hapa umekiri ni uongo. Na hapa umekiri ushahidi ulikuwa kwako unaimba hivyohivyo." Nikamwambia lakini wakili, wimboni sikumtaja! Akaniambia kesi moja ya Uingereza, iliyoamuliwa 1909, gazeti lilitunga kisa na jina la mhusika, Artemus Jones, kumbe yupo mtu wa kweli mwenye jina hilo, tena mwanasheria, akashtaki akapata pauni 1,750. Wale walisema hata hawakumlenga na bado wakalipa, sembuse wewe uliyemlenga mpaka kofia. Na kwa sheria za mkondo huo wa Kiingereza, akasema, aliyechafuliwa anaonyesha tu kwamba maneno yanamhusu, yanamshushia hadhi na yamewafikia wengine, kuthibitisha kwamba ni kweli ni mzigo wako, na mzigo huo umeutupa mwenyewe saa saba usiku.

Kilichoniuma zaidi ni aliponiambia kuna sehemu, kama Ontario kule Kanada tangu 2009, sheria inasema kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa umekiri kosa. Na hata pasipo na sheria hiyo, yale mnayoandikiana mkitafuta suluhu, yenye yale maneno ya mawakili "bila kuathiri haki", kwa kawaida hayapelekwi mahakamani kama ushahidi. Ila meseji yangu haikuwa mazungumzo ya suluhu, nilikuwa nalia tu kwa maandishi. Faida yake moja, akasema, ukiomba radhi mapema fidia inaweza kushuka.

Akaandaa tamko la kuomba radhi, safi kabisa: "Tunasikitika endapo mashairi yetu yamemkera mtu yeyote." Ukilisoma mara mbili hujui nani kakosa nini. Mi nililipenda sana, nisidanganye, lilikuwa linanificha vizuri. Tukalituma.

Likarudi siku ya tatu. Limekatwa kwa mstari mmoja toka kona hadi kona, chini mwandiko uleule wa nyuma ya risiti: "Aandike kama ile meseji."

Wakili akanionya, bwana mdogo, ukiandika hivyo na hawa wakakugeuka huna pa kusimama. Tukakubaliana wao kwanza wasaini kuwa kesi imeisha, wanachotaka ni gharama za wakili na wimbo uondolewe, ndipo nikaandika kwa jina langu: nilimuimba yeye, nilisema uongo, risiti nilikuwa nayo mimi. Nikalisoma kwa sauti pia, kwenye kurasa zilezile tulizotangazia wimbo. Kazini alirudishiwa meza yake.

Wimbo tumeufuta kila tulipoweza kuufikia. Juzi tu nimekaa kwenye gari, dogo wa siti ya mbele anausikiliza kwenye simu, kaurukisha mwanzo wote kaenda moja kwa moja vesi ya tatu.