Kinyago Changu Kilipochezwa Bagamoyo

Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chuo ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwezi tuliousubiri kuliko yote ulikuwa Septemba. Mwishoni mwake ndipo lilipokuwa likifanyika Tamasha la Sanaa, lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya chuo kuanzishwa. Kwa sisi wanafunzi, hata hivyo, tamasha lilikuwa linaanza tangu mwezi unapoandama. Asubuhi wana sarakasi wanapandiana mabegani ufukweni. Mchana huku wanaimba, kule wanagombana kwa maneno ya mchezo wa kuigiza mpaka mpita njia anadhani ni ugomvi wa kweli. Jioni ni ngoma: bugobogobo na majembe yake, lizombe, msewe na njuga zake za miguuni, mdumange wa kwetu Usambaa. Sisi wa sanaa za ufundi tulikuwa na banda letu pembeni, limejaa rangi, batiki za kukausha na maganda ya mbao.

Katika banda hilo alikuwapo mzee mmoja wa Kimakonde, mtu wa Newala, aliyetufundisha kuchonga. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na mikono yake ilikuwa na makovu ya patasi mpaka kwenye vifundo. Wengi wetu tulitaka kuchonga mpingo, maana ndiyo kazi ya Kimakonde inayojulikana na inayouzika. Mimi nilitaka kinyago cha midimu, ngoma ya Kimakonde ya wachezaji waliojificha nyuso, kile kinachovaliwa kichwani na mchezaji kama kofia kubwa yenye uso. Nilikuwa nimekiona kimoja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, nikasimama mbele yake mpaka wenzangu wakanifuata kuniita.

Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akaendelea kunoa tezo lake.

“Kwetu mwanamke hachongi hicho, binti yangu. Hata anayekivaa hatakiwi kumjua. Kwa mwanamke, midimu ni watu waliotoka porini, basi.”

Nilimwambia, “Shikamoo mwalimu, naelewa,” nikageuka niondoke. Akaniita. Akasema kwamba mimi nimeletwa pale nijifunze na yeye amewekwa pale afundishe, kwa hiyo nitachonga. Ila kuna jambo moja halitabadilika: siku ya kuchezwa, atakayekivaa sitamjua, wala nisiulize.

Nikakubali. Wakati ule niliona ni sharti dogo.

Mpingo haufai kwa kinyago cha kuvaa. Ni mzito mno, ukiutupa majini unazama, na hakuna shingo ya kuucheza. Mzee alinipa gogo la mti laini, jeupe, jepesi hata likiwa bichi. Nje ukamaliza uso, ndani ukakomba taratibu mpaka ubao ubaki mwembamba, na hapo ndipo vinyago vingi vya wanafunzi hupasukia. Kila asubuhi alikuwa anakigonga changu kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kama fundi anayechagua chungu sokoni. Mlio ukiwa mzito anaonyesha mahali kwa kucha, anasema, “Hapa bado,” anakwenda zake.

Nilichonga uso wa bibi mwenye ndonya, lile pambo la kutoboa, kwenye mdomo wa juu. Chale za usoni hazikuchongwa. Tulizifinyanga kwa nta ya nyuki tukazibandika, moja moja, mashavuni na kwenye paji la uso, kisha tukazipaka weusi. Nywele zilikuwa za watu. Nilizunguka kwa vinyozi wa mjini na mfuko wa rambo, nikieleza kila mlangoni kwamba ni za kazi ya chuo, maana mtu anayeokota nywele za wenzake bila maelezo anajitafutia balaa.

Macho ndiyo yaliyonichukua muda. Nilikuwa nayachonga kinyago kikiwa mezani, mimi nimesimama. Mzee akanikalisha chini kwenye maganda, akakivaa yeye mwenyewe. Hapo nikaona kitu ambacho kile cha makumbusho hakikunionyesha: kinyago hakikai wima usoni, kinalala kichwani kimeinama kidogo kwenda nyuma, na mvaaji anatazamia kwenye uwazi wa mdomo. Macho yangu yalikuwa yanaangalia makuti ya paa. “Watu watakuwa wamekaa chini,” alisema kutoka ndani, sauti imebadilika kabisa. “Mfanye awaone.” Nikashusha kope zote mbili, siku nzima, kwa kisu kidogo.

Wiki ya maonyesho ya picha ilipofika, tuliambiwa tupange kazi zetu ukumbini. Zilitundikwa picha za bandari ya zamani, batiki, vinyago vya mpingo. Mtu mmoja wa kamati aliniomba kinyago changu akiweke mlangoni, na karatasi ya jina langu chini yake. Nilifurahi mno, nilikuwa bado msichana na sijawahi kuona jina langu ukutani. Mzee alikataa. Alisema kazi hiyo haijaisha, na isiyoisha haionyeshwi. Yule bwana akamwambia mbona nta imekauka na rangi imekauka. Mzee akajibu kwamba haijachezwa.

Nilimkasirikia, siwezi kuficha. Nililala na hasira ile. Na bado naamini hadi leo kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Jumamosi ya ngoma yetu, baada ya magharibi, nilimkabidhi kinyago kikiwa kimefungwa kwenye kanga yangu. Kulikuwa na jumba la maonyesho pale chuoni, lile lililokuja kuungua mwaka 2002, lakini hakutaka kulitumia. Midimu haitoki nyuma ya pazia, alisema. Tukacheza nje, mchangani, kati ya minazi na bahari. Wavulana waliwasha moto wa makuti wakapasha ngoma mpaka ngozi zikakaza. Zile ndogo zenye mguu uliochongoka zikachomekwa ardhini, wapigaji wakapiga magoti nyuma yake.

Watu wa Bagamoyo walijaa. Hilo nalipenda kuliko yote nikikumbuka mwezi ule: hawakuwa wageni waalikwa. Walikuwa wavuvi, wauza samaki, kina mama na kanga zao na watoto waliolala mgongoni, watu ambao ngoma mbovu wanaiacha katikati wakaenda zao. Hawapigi makofi kwa adabu.

Alitokea upande wa giza, si upande wa taa. Kwanza njuga, halafu kitambaa kilichomfunika mwili mzima, halafu bibi wangu. Watoto walipiga kelele wakakimbilia nyuma ya mama zao. Alikuwa anatembea kizee, mkono kiunoni, anasimama kupumua, anawaangalia watu. Ngoma zikabadilika, na yule bibi akatikisa mabega kwa kasi ambayo kizee hana, mpaka kina mama wakasimama kwa vigelegele. Mmoja alimrushia kanga. Mwingine, mtu mzima kabisa, alimwamkia shikamoo.

Kisha akaja upande wetu, akainama. Zile kope nilizoshusha zilikuwa zinanitazama. Nilimfahamu kila mkato usoni, nilijua ni shavu lipi lilitaka kupasuka na ni nywele zipi zilitoka kwa kinyozi gani, na nikarudi nyuma kwa hofu kama watoto wale. Nilitazama miguu yake nimtambue. Mchanga tu, na kitambaa.

Kilirudi asubuhi kikiwa kimelowa jasho kwa ndani, chale mbili za nta zimedondoka, na pembeni mwa sikio kuna ufa mwembamba. Mzee alikigonga kwa kidole, akakiweka mlangoni mwa ukumbi yeye mwenyewe. Karatasi ya jina langu aliniachia niandike kwa mkono wangu. Tamasha lilipokwisha nikaubandika ule ufa kwa gundi na vumbi la mbao, kikaingia ghala la ngoma. Walikicheza wanafunzi walionifuata.

Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Miaka michache iliyopita, kwenye msiba wa mwenzetu wa darasa, rafiki niliyesoma naye alinivuta pembeni, akaniambia anamjua aliyevaa kinyago changu usiku ule na kwamba mtu huyo yupo pale pale msibani, amekaa kwenye jamvi la wanaume. Nilimwomba asinitajie.